Shokapu za gari la mbio zimejengwa upya, gari limekuwa gumu kuendesha kuliko mwanzo. Fundi kakosea au mimi?

#1 PuaNje
Wakuu, habari za muda. Hili jambo limeninyima usingizi wiki mbili.

Nina gari dogo la mbio, injini mbele, linasukumwa na matairi ya nyuma, kilo 1,080 nikiwa ndani na helmeti. Shokapu ni za bomba moja zenye chupa ya pembeni, zinarekebishika pande mbili, kubonyea na kurudi. Zilikuwa hoi, mbili zinalia mafuta kwenye rodi. Nikazitoa zote nne nikampelekea fundi anayezijenga upya na kuzipanga kulingana na gari la mteja. Akanihoji uzito, springi, aina ya njia. Nami kwa mdomo wangu nikamwambia "ziwe ngumu kidogo". Zikarudi zinang'aa, na karatasi ya grafu juu.

Kwenye lami laini sina neno, gari limetulia. Ila nikipanda ukingo wa kona linaruka kama mbuzi, na kwenye kona ndefu pua inakwenda nje hadi nainua mguu. Nimepoteza sekunde 0.8 kwa mzunguko. Halafu la ajabu zaidi: mbele imeinuka milimita 6.

Nani kakosea hapa?

#2 Kimya Kingi
Nakaa hapa kusoma. Kuna mtu ataandika "matairi" kabla ya posti ya tano.

#3 Lami Moto
Matairi.

#4 Kimya Kingi
Nilisema mimi.

#5 Mzee wa Springi
Kijana, hiyo "ngumu kidogo" ndiyo kauli iliyoharibu shokapu nyingi kuliko matuta. Ngumu upande gani? Anayebeba gari ni springi. Shokapu kazi yake ni kuichunga springi: ikibonyea isibonyee kwa pupa, ikirudi isirudi kwa pupa, na nguvu yote inayomezwa hapo inageuka joto ndani ya mafuta.

Mimi naona kurudi kumebanwa kupita kiasi. Tairi likipanda ukingo springi inabonyea. Likishuka, springi inataka kulisukuma liifuate njia, shokapu inaiambia subiri. Kabla haijamaliza kusubiri, bonde la pili limefika. Baada ya mabonde matatu gari limejikunyata chini, springi haina tena nafasi, tairi linaning'inia hewani. Legeza kurudi kliki 4 za kitasa mbele, kisha urudi utuambie.

#6 SiliMpya
Shikamoo mzee. Sikupingi kuhusu kurudi, ila hiyo haielezi kwa nini mbele imeinuka gari likiwa limesimama. Gari lililosimama halijui kurudi wala kubonyea ni nini. Tena kwa maelezo yako lingejikunyata, na yeye anasema limenyanyuka.

Kinachoinua gari lililosimama ni gesi. Naitrojeni inaisukuma pistoni inayoelea, hiyo inasukuma mafuta, mafuta yanaisukuma rodi nje. PuaNje, rodi ni milimita ngapi, na fundi kajaza presha ya bar ngapi?

#7 PuaNje
Rodi milimita 16. Karatasi imeandikwa bar 20. Kabla hajazifungua alipima akakuta kati ya 9 na 11, kila moja na lake.

#8 Hesabu Kwanza
Rodi ya milimita 16 ina eneo la sentimita mraba 2.01. Kila bar moja inaisukuma kwa Newtoni 20. Umetoka bar 10 kwenda 20, umeongeza Newtoni 200, yaani kama kilo 20 kwenye kila shokapu. Nipe springi ya mbele na uwiano wa mwendo wa shokapu kwa mwendo wa tairi.

#9 PuaNje
Springi Newtoni 70 kwa milimita. Uwiano nilipima 0.9.

#10 Hesabu Kwanza
Sawa. Kwenye tairi springi inahisiwa kama 70 mara 0.9 mara 0.9, yaani karibu 57. Gesi inasukuma 180. Gawanya, unapata milimita 3.2.

Kwa hiyo gesi imekula milimita 3 kati ya 6. Hizo nyingine 3 mtafutie mwizi mwingine.

#11 Bibi Turbo
Mwizi mimi ninamjua. Shokapu ilipofunguliwa springi ilitolewa, na nati ya kukalia springi ikazungushwa. Uliweka alama?

#12 PuaNje
Niliweka alama ya rangi nyeupe kwenye nyuzi, dada.

#13 Bibi Turbo
Na shokapu zilirudi zinang'aa, umesema mwenyewe. Zimeoshwa kwa dawa. Alama yako ipo?

#14 PuaNje
…nimetoka kuangalia. Haipo hata moja.

#15 Bibi Turbo
Basi. Nyuzi hizo nyingi zinapanda milimita 1.5 au 2 kwa kila mzunguko wa nati. Mizunguko miwili ya haraka ya mtu anayetaka kufunga gereji, umepata milimita zako. Mimi alama siziamini. Napima kwa kalipa toka ukingo wa nati hadi katikati ya tundu la chini, naandika kwenye daftari, napiga na picha.

Na kama nati nne zimekaa ovyo, basi uzito wa kona, yaani uzito unaobebwa na kila tairi, umevurugika. Tairi la mbele kulia na la nyuma kushoto wanabeba zaidi, wenzao wanapumzika. Gari la hivyo linakata vizuri kona za upande mmoja na linagoma upande wa pili. Pua inakwenda nje pande zote mbili?

#16 PuaNje
Zaidi kona za kulia. Za kushoto kidogo tu. Sikuwa nimelifikiria hilo.

#17 Lami Moto
Kona za kulia zinaegemea tairi la mbele kushoto. Nasema tena, matairi.

#18 Kasuku wa Njia
Samahani wakuu natoka nje ya mada, kwa nini wote mnaandika shokapu? Kamusi inasema shokomzoba.

#19 Mzee wa Springi
Kamusi haijawahi kulala chini ya gari.

#20 Mgeni Mtulivu
Swali la mjinga. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kama asilimia 78. Kwa nini tusijaze hewa ya kompresa tuachane na mitungi?

#21 SiliMpya
Si swali la mjinga, ila jibu lake nimelilipia. Hewa ya kompresa inaingia na maji. Ndani ya shokapu joto linapanda, unyevu unageuka mvuke, na presha inapanda zaidi ya ilivyotarajiwa. Naitrojeni ya mtungi ni kavu, presha yake inapanda kwa utaratibu unaoweza kuukadiria. Halafu oksijeni inayachakaza mafuta.

Na msije mkajaza oksijeni tupu kwa sababu mtungi wake uko karibu. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ni mlipuko. Hili si la kutania.

#22 Daftari la Gereji
Nimwongezee #21 upande wa usalama: toa gesi YOTE kabla ya kulegeza kifuniko chochote. Kifuniko kilicholegezwa kikiwa na bar 20 nyuma yake kinatoka kama risasi. Nina tundu kwenye paa la banda, kwa bahati si kwenye paji la uso.

#23 Kimya Kingi
Sasa tunaanza kuelewa kwa nini unajiita Daftari. Unaandika kabla hujasahau.

#24 Hesabu Kwanza
Turudi kwa PuaNje. Hiyo karatasi ya grafu, tupe namba za mbele.

#25 PuaNje
Nanakili ilivyo. Rodi ikienda milimita 50 kwa sekunde: kulia kubonyea Newtoni 260, kurudi 640. Kushoto kubonyea 255, kurudi 560. Kwa milimita 250 kwa sekunde: kulia kubonyea 1,150, kurudi 1,900. Kushoto karibu vilevile.

Chini kaandika "kurudi 6, kubonyea 8". Nami nimeziweka hivyohivyo kwenye gari.

#26 Mgeni Mtulivu
Milimita 50 kwa sekunde ndiyo "kasi ndogo"? Kwa hiyo hiyo ni kwa wanaoendesha polepole?

#27 Mzee wa Springi
Hapana mjukuu. Kasi inayosemwa ni ya rodi ndani ya bomba, haihusiani na kasi ya gari. Unaweza kuwa kilomita 200 kwa saa kwenye njia iliyonyooka na rodi ikawa imelala. Dereva akifunga breki, akikata usukani, gari likilala upande, hapo rodi inatembea polepole, hiyo ndiyo kasi ndogo. Kasi kubwa ni ukingo, shimo, kiungo cha lami. Gari liko polepole kwenye maegesho likiparamia tuta, rodi inaruka kwa kasi kubwa.

#28 Hesabu Kwanza
Mniwie radhi, hii ni ndefu.

Kona moja ya mbele, ukiondoa tairi, breki na vyote visivyobebwa na springi, nakadiria kilo 245. Springi kwenye tairi Newtoni 57,000 kwa mita. Kiwango ambacho gari likibonyezwa linarudi bila kupitiliza ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha springi mara uzito. Hapo tunapata 7,470. Wengi wa magari ya mbio huanzia kama asilimia 65 ya hicho kwa kasi ndogo, yaani 4,860 kwenye tairi. Gawa kwa 0.81 uipeleke kwenye shokapu: 6,000. Kwa milimita 50 kwa sekunde hiyo ni Newtoni 300, wastani wa kubonyea na kurudi.

Wako kulia ni wastani wa 260 na 640, yaani 450. Mara moja na nusu ya nilichotarajia. Uko karibu asilimia 98. Mzee #5 anaelekea kuwa sahihi, kurudi kumebanwa.

#29 Mzee wa Springi
Nashukuru kwa kunithibitishia kwa kalamu nilichokijua kwa makalio.

#30 Vali Tatu
Mimi nawapinga wote wawili kwa heshima. Kwenye njia laini kurudi kwa kasi ndogo kukiwa kukubwa si dhambi, ndiko kunakomfanya aseme gari limetulia. Tatizo la ukingo liko kwenye kubonyea. Angalieni: 260 kwa 50, 1,150 kwa 250. Kasi imezidi mara tano, nguvu imezidi karibu mara nne na nusu. Mstari umenyooka kama rula. Kurudi kwake umepinda vizuri, 640 kwenda 1,900 ni mara tatu tu. Kubonyea nako kulitakiwa kupinde vilevile, vali ifunguke iachie ukingo upite. Sasa ukingo wote unapandishwa kwenye bodi.

Huyu fundi kapanga shimu za kubonyea bila kuzibana. Vile vijibati vya duara ukivilaza bapa juu ya pistoni bapa vinafunguka kidogokidogo kadiri mafuta yanavyosukuma. Ukivilaza juu ya pistoni yenye mdomo ulioinuka, vinakaa vimekunjwa tayari, vinashikilia mwanzoni halafu vinaachia. Kurudi kafanya hivyo. Kubonyea kasahau, au kaamua.

#31 Bibi Turbo
Au kaambiwa "ngumu kidogo".

#32 Kliki
Jamani. Nimesoma #25 mara tatu. "Kurudi 6." Sita kutoka wapi?

#33 PuaNje
Kutoka mwanzo.

#34 Kliki
Mwanzo wapi?

#35 PuaNje
Nilifungua hadi mwisho, nikahesabu sita nikikaza.

#36 Kliki
Ndiyo hayo. Mafundi wengi wanahesabu kutoka kwenye kufungwa kabisa, kwa sababu huko sindano ya kurekebisha inagota mahali penye uhakika. Upande wa kufunguka mwisho wake hauaminiki, wakati mwingine kliki inaendelea kulia na hakuna kinachobadilika. Kitasa chako kina kliki ngapi kwa jumla?

#37 PuaNje
Nimehesabu sasa hivi, 22.

#38 Kliki
Basi wewe uko kliki 16 kutoka kufungwa, na karatasi imepimwa kwenye 6. Zile 640 hazipo kwenye gari lako. Hujawahi kuziendesha. Huenda una kurudi laini kuliko hata shokapu zako za zamani, na gari linaruka kwenye ukingo kwa sababu springi haina wa kuizuia.

#39 Hesabu Kwanza
…

Nafuta nusu ya #28. Hesabu ni sahihi, shokapu ndiyo nyingine.

#40 Mzee wa Springi
Sifuti kitu. Gari lisilo na kurudi linayumba kama mashua, na yeye kasema kwenye lami limetulia. Wewe Kliki unataka kuniambia mashua imetulia?

#41 Kliki
Mzee, ametoka kwenye shokapu zinazovuja zenye gesi nusu. Chochote kitamtulia.

#42 Vali Tatu
Na kubonyea 8 je? Hiyo nayo alihesabu kutoka wapi? Kama ni kutoka wazi, basi hata grafu niliyoilaumu #30 si anayoiendesha. Ingawa kliki hizo mara nyingi zinagusa kasi ndogo tu, shimu zinabaki zilivyo. Kwa hiyo bado nasimama na rula yangu.

#43 PuaNje
Ile ya kubonyea iko kwenye chupa, nilihesabu kutoka kufungwa. Msiniulize kwa nini moja hivi na nyingine vile. Mshale wa kwenye kitasa ulinichanganya.

#44 Kimya Kingi
Huu uzi naupenda.

#45 Daftari la Gereji
Nieleze yaliyonikuta, huenda yakasaidia wanaotaka kujenga wenyewe. Nilifungua shokapu yangu ya kwanza mezani juu ya kitambaa cheupe. Mafuta yalitoka rangi ya risasi ya penseli, yanang'aa ukiyageuzia mwanga. Hiyo si uchafu wa nje, ni ukuta wa bomba na mkanda wa pistoni vinasagana. Nikatoa nati, nikavusha shimu zote kwenye waya zisipoteze mpangilio. Kurudi nilihesabu tisa. Nikaosha, nikapima kwa maikromita, nikakuta kumi. Mbili za 0.10 zilikuwa zimeng'ang'aniana kwa mafuta hadi ukucha hauingii, nilizitenganisha kwa wembe.

Ukijenga upya kwa kuhesabu kwa macho, shokapu inapungua shimu na hujui. Na unene ndio kila kitu. Ugumu wa shimu unakwenda kwa mchemraba wa unene. Shimu moja ya 0.20 ni sawa na nane za 0.10. Ya 0.20 dhidi ya 0.15 ni zaidi ya mara mbili, 2.37. Mtu akisema "nimeongeza shimu moja" hajakwambia kitu mpaka aseme ipi.

Kisha nikarudisha pistoni kichwa chini. Kubonyea kukawa kurudi. Nilishangaa gari linavyokaa kama limekasirika, nikazunguka nalo siku nzima.

#46 Mgeni Mtulivu
Ahsante kwa kukiri hadharani.

#47 SiliMpya
Hapo kwa #45 PuaNje aangalie kulia na kushoto kwake. 640 na 560, tofauti ya asilimia 12.5, na anasema kona za kulia ndizo zinazosumbua. Jozi iliyojengwa vizuri inakaribiana kwa asilimia chache. Tofauti kama hiyo ni shimu, au sindano ya kurekebisha imekaa tofauti, au moja ilipimwa ya moto nyingine ya baridi. Mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi, nguvu inashuka. Kwenye mashine ya kupimia unatakiwa uipashe kwanza ndipo uchukue mstari.

Na msibadilishe mafuta kwa kusoma namba ya "uzito" kwenye chupa. Ile namba watengenezaji hawakubaliani. Soma mnato wake kwa nyuzi 40 na kwa 100, ndipo utajua yanavyobadilika na joto.

#48 Kasuku wa Njia
Swali la nje tena. Ni kweli kuna gari la Formula 1 lilikuwa na shokapu ya siri iliyopigwa marufuku 2006?

#49 Vali Tatu
Unachanganya vitu viwili. Kilichopigwa marufuku 2006 ni uzito uliotundikwa kwenye springi ndani ya pua la gari la Renault, unacheza kinyume na mtikisiko wa gari. Kingine ni kile McLaren walichokiita J-damper, walikitumia 2005 na dereva wao Räikkönen akashinda mbio za Hispania. Jina lilikuwa la kupoteza watu maboya, halikuwa shokapu kabisa. Kilibuniwa na Malcolm Smith wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ndani kuna gurudumu linalozungushwa na skrubu. Springi inajali umbali, shokapu inajali kasi, hicho kinajali mabadiliko ya kasi. Hicho kiliendelea miaka mingi, kanuni za 2022 ndizo zilizokiondoa.

#50 Mzee wa Springi
Na hizi za bomba moja zenye gesi tunazogombania ni wazo la Mfaransa de Carbon, kampuni ya Bilstein ikaziingiza kwenye Mercedes 1957. Zamani hizo gesi ililetwa ili mafuta yasitoe povu, si kuinua gari la PuaNje.

#51 PuaNje
Nacheka huku naumia. Niseme nipunguze gesi hadi bar 10 kama zamani?

#52 Hesabu Kwanza
Usikimbilie. Pistoni yako ni milimita 46?

#53 PuaNje
Ndiyo.

#54 Hesabu Kwanza
Toa rodi, eneo linalobaki ni sentimita mraba 14.6. Kwa bar 10, pistoni ikibonyea kwa nguvu ya Newtoni 1,460 hivi, nyuma yake presha inaisha, mafuta yanapasuka mapovu. Ikianza kurudi inakuta utupu, unasikia "tok". Vali ya kwenye chupa inasaidia kusogeza huo mpaka, ila usiitegemee yote. Wewe tayari una 1,150 kwa milimita 250 kwa sekunde, na mstari wa Vali Tatu haupindi. Kwenye ukingo rodi inafika 400 na zaidi. Kwa bar 14 mpaka unasogea hadi karibu 2,050, na gari linashuka karibu milimita 2. Mimi ningekaa hapo.

#55 Vali Tatu
Au apinde mstari, asihitaji presha hiyo.

#56 Bibi Turbo
Au apime uzito wa kona kwanza bila kugusa kitu kingine. Kitu kimoja, mizunguko mitano, andika. Kitu kingine, mizunguko mitano, andika.

#57 Kliki
Naunga mkono #56. Na kliki zihesabiwe kutoka kufungwa, zote, leo na milele.

#58 Paja la Njia
Nami niongeze langu mtanisamehe kuchelewa. PuaNje, lile gari ulilipanga likiwa na shokapu zilizokufa. Fimbo ya mbele ya kuzuia gari kulala upande uliikaza lini?

#59 PuaNje
Msimu uliopita. Gari lilikuwa linalala sana.

#60 Paja la Njia
Lilikuwa linalala kwa pupa kwa sababu shokapu hazikuwepo, ukalikazia fimbo. Sasa shokapu zipo na fimbo bado imekazwa. Gari lilizoea ugonjwa, umelitibu, dozi ya zamani unaendelea kulinywesha. Pua itaacha vipi kwenda nje? Mimi nilihangaika mwaka mzima nikimlaumu fundi, kumbe ni boliti mbili za fimbo.

#61 Mzee wa Springi
Hapo umesema. Ingawa shokapu inaamua gari linalala *haraka* kiasi gani, si kiasi gani. Kwenye kona ndefu, katikati, rodi imesimama, na pua yake inakwenda nje katikati. Kwa hiyo fimbo, kimo cha gari, uzito wa kona. Mnaniona naanza kujiondoa kwenye #5 yangu, lakini sijaondoka. Ukingo bado ni wa kurudi.

#62 Vali Tatu
Wa kubonyea.

#63 Kliki
Wa kuhesabu.

#64 PuaNje
Wakuu, nimerudi kutoka uwanjani. Ahsanteni wote.

Nilipima uzito wa kona: mbele kushoto kilikuwa kimepungukiwa kilo 19. Nikarudisha nati kwa kalipa kama alivyosema dada #15. Nikashusha gesi hadi bar 14. Kurudi nikahesabu kutoka kufungwa, nikaweka 9 mbele. Fimbo ya mbele nikalegeza tundu moja.

Nimerudisha sekunde 0.6. Ukingo unapita, kona za kulia pua inakata. Kona za kushoto sasa mkia unataka kutoka, ila kidogo.

#65 Bibi Turbo
Umebadilisha vitu vinne kwa mpigo.

#66 PuaNje
Muda wa mazoezi ulikuwa mfupi, dada.

#67 Hesabu Kwanza
Kwa hiyo hatutajua kamwe. Nitakufa na hili.

#68 Mzee wa Springi
Mnaona? Kurudi kutoka 6 hadi 9, kumelegezwa.

#69 Kliki
Mzee, alikuwa kwenye 16! Kutoka 16 hadi 9 *kumekazwa*!

#70 Vali Tatu
Na kubonyea hajagusa, zile 0.2 zilizobaki ziko huko. Mpelekee fundi arudie shimu.

#71 SiliMpya
Na amwulize hizo 640 na 560 zimetoka wapi. Bado hakuna aliyejibu hilo.

#72 Lami Moto
PuaNje, uliendesha kwa matairi yaleyale ya wiki iliyopita?

#73 PuaNje
Hapana mkuu. Yale yalikuwa yameisha bega la kushoto. Nilifunga seti mpya asubuhi.

#74 Lami Moto
Soma posti #3.